Alipofika Kituoni Hakukuta Mtu

Baba Achieng mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka huku Ujerumani, kwenye baridi inayouma masikio. Kifua chako kimepona? Na karakana yako hapo Suneka, wateja wanalipia vitanda au wanakuja kuvipapasa tu? Mimi ni mzima kabisa, na leo nimetembea barabarani nikicheka peke yangu.

Nimeshinda! Tasnifu yangu imepita.

Unajua nilichokuja kusomea: jinsi wakati na mahali vinavyoshikana ndani ya hadithi. Mfano wangu mkubwa ulikuwa ile hadithi ya mama yangu wa Nyamira, ya Bosibori aliyebeba majani chai kuyapeleka kituoni kupimwa, akawa anasimama kila boma kupiga domo. Profesa mmoja mzee, anayekijua Kiswahili cha vitabuni, alisema hadithi hiyo haina wakati, ni safari tupu, na nisiporekebisha hanipitishi. Niliogopa. Miaka mitatu mbali nanyi, nirudi mikono mitupu? Nikachomeka saa kila mahali, saa saba hapa, saa kumi pale. Kisha nikamsomea Mama kwenye simu, akawaka.

"Kerubo, hiyo masaa umetoa wapi? Kwani huyo mzee hajui kituo ya majani? Ambia yeye aende huko jioni, atakuta mbwa tu!"

Nikayafuta yote.

Siku ya kuitetea kazi, chumba kilijaa. Profesa akafungua ukurasa wa mwisho.

"Hapa Bosibori anafika kituoni, hakuti mtu. Amewahi mno, sivyo?"

Ubishi wetu Wakisii unaujua, umeuoa.

"Hapana, Profesa. Amechelewa. Majani yameshapimwa, lori limeondoka, na alichochuma tangu alfajiri kitaharibika. Kwetu, msikilizaji akisikia kituo kitupu anashika kichwa. Mahali ndipo pamemwambia saa."

Akarudi nyuma kurasa kadhaa, taratibu. "Kwa hiyo yale maboma..."

"Boma la kwanza watu wanapakua chakula cha mchana. La mwisho, ng'ombe wanatoka mtoni. Kila akisogea njiani, jua nalo linashuka, na sisi tunaomsikiliza tunamwomba aharakishe."

Mzee akavua miwani. "Nimeisoma mara tatu," akasema, "na sikujua kwamba napaswa kumwonea huruma." Akainuka, akanipa mkono, akaniita Daktari. Nikapiga kigelegele mlemle ndani, Baba Achieng. Sikuona haya hata kidogo.

Msalimie mama yako, umwambie maombi yake yamejibiwa. Msalimie dada yako anayetulelea mtoto. Mama yangu mpelekee sukari, na umwambie hadithi yake imesimama mbele ya maprofesa ikawashinda.

Juzi Achieng aliniuliza kwenye simu huku niliko ni mbali kiasi gani, nikamwahidi jibu. Sasa ninalo. Mwambie ni Sabato mbili tu, nipo mlangoni.

Mkeo,
Kerubo (mbele ya watu, Daktari)