Rimu za Inchi Tisa

Dar es Salaam,
4 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na macho yake. Mimi ni mzima, na kazi ya kutoa mizigo bandarini bado inaniweka mjini. Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu, maana miaka minne si michache. Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua, na kile kitochi chako mtu akiandika maneno mengi kinakata katikati.

Baba, nimenunua gari. Selika nyekundu ya milango miwili, ile niliyokuwa naichora kwenye vumbi la gereji yako hapo Rusimbi mpaka unanichapa kwa kuacha kazi. Limetumika, lakini injini bado safi. Tatizo ni miguu. Limekuja na rimu za inchi kumi na tano na vitairi vyembamba, linasimama barabarani kama mtu mzima aliyevaa ndala za mtoto. Nataka rimu za kumi na saba, upana inchi tisa, na tairi za mbili arobaini na tano. Wauzaji wa Ilala kila mmoja ana lake. Mmoja anasema zitaingia, mwingine anasema nikate madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, wa tatu ananiita bosi tu.

Hapa hakuna fundi ninayemwamini. Najua ulinifukuza mbele za wateja na najua kwa nini: gari la watu nililigonga ukutani kule Ujiji nikishindana na bodaboda. Sikuombi unirudishe gereji. Nakuomba jibu moja. Tisa itaingia?

Mwezi wa tano nakuja kumchukua Mama. Nimempatia nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, Ijumaa tarehe 17. Nataka apande gari lililosimama vizuri.

Mwanao,
Crispin


Rusimbi, Kigoma,
15 Machi 2024

Mwanangu Crispin,

Marahaba. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama yako ameishika barua yako siku nzima. Kusoma hawezi tena, mtu akisimama mbele yake anaona kivuli tu. Nimemsomea mara tatu, na hiyo ya tatu nilikuwa najisomea mwenyewe.

Kazi bado nafanya. Mama yako ndiye masikio yangu, kama ulivyotuacha. Nikimaliza gari namkalisha mbele, tunazunguka mpaka Bangwe na kurudi, naye akisikia kitu ananigonga bega. Mara moja ni breki, mara mbili ni beringi, mara tatu ni kitu kinachosuguana. Hajakosea hata siku moja. Watu wanasema gereji hii ni ya kiziwi na kipofu, na magari wanaleta.

Sasa nisikilize kabla hujampa mtu hela. Rimu pana ina pande mbili za kuumiza. Ikiingia sana ndani inagusa springi, ikichomoza nje inagusa madigadi. Nyuma ya rimu kuna namba iliyogongwa, ndiyo inayosema inakaa ndani kiasi gani. Watu wananunua urembo, hiyo namba hawaisomi. Toa tairi la nyuma, funga nati kwenye kamba, ining'inize kwenye ukingo wa madigadi kama timazi ya mwashi, kisha pima kwa rula kutoka kwenye kamba mpaka uso wa habu, pale rimu inapofungwa. Pima na kutoka habu mpaka springi. Niletee namba zote, na ile ya kwenye rimu. Picha usitume, picha haipimiki.

Hilo la kukufukuza tuliache kwanza. Tumeanza vizuri.

Baba yako


Dar es Salaam,
24 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Habari za huko, na Mama anaendeleaje? Huku mvua tu, lakini afya ipo.

Nimepima kama ulivyosema, mara mbili. Kutoka habu kwenda nje milimita tisini na tano. Kwenda ndani mia moja sitini na tano. Rimu imegongwa thelathini na tano. Ni za rangi ya shaba, Baba, zina njiti tano nene, ukiziona utasahau kuwa ni chuma. Zipo pia za inchi nane, lakini hizo kila dereva teksi anazo.

Usiniambie nane. Nakuomba. Kuna watu hapa wameshaniambia kwamba mtoto wa Kigoma hawezi kulivisha gari kama hili, na nimewaambia baba yangu ndiye anayenipimia. Muuzaji ameziweka pembeni, zaidi ya Jumamosi ya pili hatanisubiri. Kila basi la Kigoma likiingia naenda kuuliza barua. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Crispin


Rusimbi,
2 Aprili 2024

Mwanangu Crispin,

Marahaba. Sisi wazima. Nimechelewa kwa sababu barua ya kwanza ilichanika.

Nimepiga hesabu yako. Itaingia. Chukua tisa.

Mama yako anauliza utakuja tarehe ngapi, ili akutafutie migebuka mizuri ya ziwani.

Baba yako


Ujumbe wa simu,
Jumanne, 14 Mei 2024

Saa 2:40 asubuhi
Crispin habari za safari. Mmefika wapi? Mama yako amekunywa chai? Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Baba

Saa 3:15
Crispin simama. Nilikuwa nafagia uwanja. Pale kwenye mtaro wa geti nimeokota nyuzi nyeusi za mpira. Ni tairi lako la nyuma, linakatwa na madigadi. Simama ulipo. Baba

Saa 3:22
Ni mzigo. Jumapili tulipozunguka nalo Bangwe lilikuwa tupu. Leo lina madumu mawili ya mawese ya jirani yetu Jeremia, gunia la dagaa la Mwanvua, maharage, na migebuka niliyofunga mimi mwenyewe. Kila aliyesikia gari linakwenda Dar alileta furushi na mimi sikukataa hata moja. Limelalia nyuma. Shusha vyote. Mwaga mawese. Baba

Saa 3:40
Jeremia amekupigia mara nne. Anasema inaita, hupokei. Pokea, yeye atasikia kwa niaba yangu.

Saa 4:30
Zima muziki umuulize Mama yako anasikia nini. Muulize hilo tu.

Saa 5:05
Jeremia anasema sasa hupatikani. Labda mmepita Malagarasi na mtandao umekata. Niambie ni mtandao.

Saa 7:10 mchana
Crispin.

Saa 11:20 jioni
Mwanangu kosa ni langu, si lako. Simama nikuambie.


Ujumbe wa simu,
Jumatano, 15 Mei 2024

Shikamoo Baba. Mama yuko hai. Naanza na hilo. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka jana kabla ya Kaliua, gari likapinduka. Mimi nimechubuka tu. Mama mguu wa kulia ulibanwa. Tupo hospitali Tabora. Simu ilivunjika, hii nimeazima. Nisamehe. Crispin


Rusimbi,
16 Mei 2024

Crispin,

Salamu sina. Nampa dereva wa basi karatasi hii, na yeye ameniahidi kuifikisha wodini.

Barua ya kwanza haikuchanika yenyewe. Niliichana mimi. Humo nilikuwa nimeandika nane. Nilikuwa nimekuchorea na picha, tisa inabakiza milimita tatu nje na tatu ndani, na gari likibeba mtu wa tatu au gunia, hizo tatu hazipo. Nimefunga matairi miaka thelathini na mbili, hesabu hiyo naifanya nikiwa nimesinzia. Nikaifunga barua, nikaandika jina lako juu, halafu nikakaa nayo. Nilijiona ninavyokuandikia hapana nyingine, na wewe unavyoikunja na kunyamaza miaka mingine minne. Nikaichana. Nikakuandikia itaingia.

Ulipokuja nalo sikuweza kujizuia kulipenda. Tulilala wote wawili chini ya gari tukimulika tochi, ukanionyesha jinsi tairi lilivyopita, nikakuambia umeona. Nilikuambia umeona, Crispin. Na asubuhi ya safari nikalijaza mpaka buti likagoma kufunga, nikalikandamiza kwa goti.

Usijilaumu kwa mwendo wala kwa muziki. Mimi ndiye niliyemvunja mguu mama yako.

Siji Tabora. Jeremia amenikatia tiketi, nimemrudishia. Nitamtazama kwa uso gani? Mwambie naumwa. Mwambie chochote. Gereji nimeifunga, mlangoni nimeweka kufuli, na vifaa vyangu achukue anayevitaka.

Baba yako, kama bado unakubali kuniita


Hospitali, Tabora,
19 Mei 2024

Baba Crispin,

Mwakeye, nakusalimu kikwetu. Habari za hapo nyumbani, na kuku, na Jeremia? Mimi sijambo kwa mtu aliyelala. Uji napata, na wauguzi wa hapa wana mikono mizuri. Anayeandika ni mwanao, mimi nasema tu, na nimemwapisha asipunguze neno wala asijitetee.

Barua yako nimesomewa. Nimemwambia arudie pale uliposema wewe ndiye umenivunja mguu, kwa sababu nilitaka nicheke, nikashindwa.

Sasa nisikilize wewe. Nimekuwa masikio yako miaka kumi na moja. Unadhani sikusikia?

Nilisikia palepale kwenye mtaro wa geti, kabla hata hujamaliza kupunga mkono. Kitu kinasuguana, nyuma, upande wangu. Mkono wangu ulishanyanyuka nimgonge Crispin bega mara tatu. Nikaurudisha mapajani. Siku mbili kabla niliwasikia mkicheka wawili chini ya lile gari. Kicheko chako mwenyewe hukisikii, kwa hiyo hujui kwamba kilikuwa kimekufa tangu mtoto aondoke. Nikasema, nikigonga sasa, atashuka, wataangalia, na maneno yataanza. Baba atasema mtoto hasikii, mtoto atasema wewe ndiye uliyesema tisa. Wataachana hapa hapa getini, na safari hii sitaishi kuwaona wakipatana. Nikajiambia kwamba kelele ni ndogo. Nikajiambia itafika Dar.

Tulipofika Kidahwe kelele ikazidi. Tulipofika Uvinza ikawa inalia wazi. Simu ya mwanao ikawa inalia, nikamuuliza ni nani, akasema ni namba ya Jeremia, huyo Baba amemtuma, anataka kuendesha gari kutoka Rusimbi. Akaigeuza kifudifudi. Nikamwambia mwanangu simama nijisaidie. Akasema Kaliua tunafika sasa hivi, Mama. Ningemwambia ukweli angesimama. Nilitaka asimame bila mimi kusema. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi hapa, si mguu.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Ulichana barua ili usimpoteze mtoto. Nilinyamaza ili msipotezane. Yeye aligeuza simu kwa sababu alitaka mara moja tu afike bila kuelekezwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka ubaya, na tazama tulipo.

Tarehe ya macho imepita. Crispin anasema ataomba nyingine, lakini sauti yake naijua anapoahidi asichokiamini.

Daktari amesema mguu hauponi, nyama imeshaharibika. Wanaukata kesho Jumatatu asubuhi. Barua hii inakuja na basi la leo. Hutawahi, na usimkimbize dereva ili uwahi. Utanikuta na mmoja.

Lakini njoo. Sikuombi, nakuambia. Fungua hilo kufuli, rudisha vifaa mahali pake, mrudie Jeremia umwambie akukatie tiketi tena. Ukifika usianze kuomba msamaha mlangoni, wagonjwa wenzangu wana maumivu yao. Kaa upande wangu wa kushoto. Nigonge bega mara moja nijue ni wewe, kwa sababu kivuli chako na cha daktari sasa havina tofauti.

Na huyu mtoto ongea naye. Tangu Jumanne hajala, anasema atamuuzia mtu wa vyuma chakavu lile gari pamoja na rimu zake za shaba. Hivi sasa anaandika tu, anadhani kwa kuwa sioni basi sijui. Nayasikia machozi yake yakidondoka kwenye karatasi.

Mimi,
Mama Crispin