Sekunde Ishirini na Nane

Jumanne, 4 Juni

Kaka, shikamoo.

Mafua yamekuacha? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama darasani. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa tunamaliza salio kwa kugombana.

Ofisi ya zimamoto imenipa kazi ya kuwafundisha askari wapya habari za majumba ya maonyesho yaliyoungua zamani. Nimesoma mpaka usingizi umeniruka. Mishumaa na taa za gesi ziliwasha moto tu. Watu waliuawa na milango iliyofunguka kuelekea ndani, mingine ikiwa na kufuli ili asiingie mtu bila tiketi, na mapazia ya chuma yaliyokwama katikati siku yalipohitajika kuzuia moto wa jukwaani usiwafikie watazamaji. Ndiyo maana sheria yetu inataka pazia lishushwe kila siku na sekunde ziandikwe.

Wewe unalitunza pazia la jumba lenu la maonyesho mwaka wa kumi na tisa sasa. Nipigie picha ukurasa mmoja wa daftari lako, niwaonyeshe wanafunzi daftari safi linavyokuwa.

Mdogo wako

Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Mafua yamenihama, yamemwingia mwongozaji wa mchezo, sasa anatugombeza kwa pua. Lakini hebu niambie, unauliza kama mdogo wangu au kama mkaguzi wa zimamoto? Nakujua. Ulikuwa na miaka saba uliponipekua mfukoni, ukaenda kumwambia mama navuta sigara.

Haya, picha hizi hapa. Nimekupa kurasa mbili, usije ukasema nimebania. Jumamosi ya tarehe 22 tunafungua mchezo mpya wenye ngazi kubwa ajabu jukwaani, tumeifanyia mazoezi miezi miwili, huu wa tatu. Watakuja watu mia sita, na mama nimemkatia tiketi. Meneja ameniahidi kwamba mchezo ukienda vizuri, mimi ndiye mkuu wa jukwaa. Niombee.

Kaka yako

Alhamisi, 13 Juni

Kaka, shikamoo. Natumaini hujambo.

Nimekaa na kurasa zako siku mbili. Siku arobaini na moja, na kila siku pazia limeshuka kwa sekunde ishirini na nane. Si ishirini na saba, si ishirini na tisa. Kile chuma kizito kama lori! Asubuhi ya baridi grisi inaganda, linajivuta. Siku ya joto linateremka upesi. Aliyenifundisha hayo ni wewe. Tena wino ni mmoja toka juu hadi chini, utadhani umeandika yote kwa kikao kimoja huku unakunywa chai.

Sikushitaki, nakuuliza tu. Pazia limeshuka lini mara ya mwisho?

Mdogo wako

Jumapili, 16 Juni

Mdogo wangu,

Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Kumbe ukurasa haukuwa wa wanafunzi! Nilihisi. Mashine yangu ni nzuri, mkono wangu ni mzoefu, basi. Shughulika na darasa lako, na usimpelekee mama maneno haya.

Kaka yako

Jumanne, 18 Juni

Kaka, shikamoo.

Mama amepiga simu. Habari za pazia hazijui, analalamikia kiti. Anasema ulimkatia safu ya tatu, katikati, halafu juzi umembadilishia. Umemweka pembeni kabisa, ubavuni mwa mlango wa kutokea, na umemwagiza asivue viatu. Maskini anadhani unamwonea haya mbele ya wakubwa wako.

Nililia, kaka. Kama pazia ni zima, mlango wa nini? Na wale wengine mia sita umewaweka karibu na mlango gani?

Nakupa mpaka Ijumaa adhuhuri. Lishushe mbele ya meneja. Usiposhusha, namwandikia mkuu wangu.

Mdogo wako

Alhamisi, 20 Juni

Mkaguzi,

Leo saa nne asubuhi nililishusha mbele ya wote. Ngazi ya mwongozaji imevuka mstari wa pazia, na tangu ilipojengwa aliniomba nisilishushe pazia. Nikakubali, kwa tamaa ya kile cheo. Chuma kilitua kwenye ngazi kikabaki kinaning'inia, chini yake pengo ambalo mtu angepita bila kuinama. Moto ungepita pia. Mwongozaji alilia, meneja alinitukana, maseremala wakachukua misumeno. Nilichukua daftari nimkabidhi meneja, nimwambie namba zote nilizitoa kichwani. Nilijisikia mwepesi.

Kabla sijafungua mdomo wakaingia watu wenu watatu na barua yenye sahihi yako. Ya Jumanne. Jumanne ileile uliyonipa mpaka Ijumaa!

Wamenisimamisha kazi. Wote wanasema nilinusa kwamba wakaguzi wanakuja ndipo nikashusha. Hiyo Ijumaa yako ilikuwa ya nini?

Fundi wa pazia

Jumanne, 2 Julai

Kaka, shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Mchezo umefunguliwa Jumamosi, baada ya kuahirishwa wiki moja. Mama alikaa katikati. Pazia liliposhushwa kabla ya mchezo ili watu walione, alidhani mchezo umekwisha, akainuka na mkoba wake. Wenzake walimkalisha. Anakuulizia kila siku, mwendee.

Ni kweli. Mkuu nilimwandikia saa nne asubuhi, wewe nikakuandikia mchana. Nilitamani sana ulishushe mwenyewe, lakini sikuweza kuwaweka rehani watu mia sita kwa kutamani kwangu. Nimemwambia mkuu kwamba ulishusha kwa hiari yako. Amenijibu kwamba dada mtu lazima aseme hivyo.

Ningemwandikia tena hata leo. Barua ile siiombei radhi. Nakuomba radhi kwa ile niliyokuandikia wewe.

Mdogo wako