Gramu za Kidole Chako

Mama yangu,

Sijawahi kumwambia mtu: natafuta uzito wa kidole chako gumba.

Tangu tukuzike, mimi na mdogo wangu Brayo tunaishi Gatina kwa Auntie, dada yako. Anakaanga mandazi kama wewe, ila amenunua mzani. "Mambo ya kukisia na kikombe tuliacha Kibera," alisema, akaniachia hesabu kwa sababu mimi ndiye nasoma. Nikajaza sukari kwenye kikombe chako cha bati, nikakwangua juu kwa kisu, nikapima. Gramu mia mbili na kumi. Vikombe vinne kwa beseni moja, kama ulivyokuwa ukiweka. Nikazidisha kwa nne.

Mandazi yakatoka meusi nje, mabichi ndani. Sukari imezidi. "Kwani tunauza makaa?" Auntie akauliza. Brayo alionja moja, akalirudisha kwa sahani. "Hii si ya Mum." Tangu hapo hali mandazi. Anaenda shule na chai tupu.

Sikuelewa. Sukari ni ile ile, kikombe ni kile kile. Kisha nikakumbuka Kisumu Ndogo, kule Kibera, ukiuza sukari ya kupima. Ulichota kidole gumba kikiwa ndani ya kikombe, na mama muuza samaki wa omena akikupigia kelele, "Mama Achieng, toa hiyo kidole! Nimenunua sukari ama nyama?"

"Nyama nakupea bure na bado unalia," ulimjibu, mkacheka wote wawili.

Hata ukichota sukari ya mandazi yetu, mkono ulikuwa umeshazoea. Kikombe chako hakikuwahi kujaa, Mama. Utamu wako ulikuwa na pengo la kidole.

Leo nimepima na changu ndani. Mia mbili na mbili. Mandazi ni afadhali, lakini bado yanaungua. Kidole changu ni chembamba, cha Baba.

Auntie anacho kama chako. Kifupi, kipana; nakiona akikanda unga. Lakini nikimwomba akitie kwenye sukari ataniuliza kwa nini, na itabidi nikutaje. Hajakutaja tangu matanga. Mimi pia. Na mtoto hali.

Nasikia kandambili za Auntie kwa ngazi. Pumzika, Mama. Karatasi hii naificha chini ya godoro. Sukari na kikombe chako naviacha mezani, kando ya mzani, avione; labda atachota mwenyewe.

Mimi,
kifungua mimba wako