Kushoto Kuna Nini

Baba,

Sauti iliyonibakia si ya mashine za hospitali wala ya makoleo makaburini. Ni "pii" moja nyembamba. Ililia kila nukta ilipowaka kwenye kioo na macho yako yasiifuate. Siku ile ya majaribio ya miwani yangu ililia sana, mpaka ukasema, "Zuhura, kitu chako hiki kina mafua." Nilicheka. Sauti hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Sasa naisikia kwenye lifti, naisikia kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, mwenye duka anapopitisha maziwa kwenye mashine, na kila mara nageuka.

Arobaini yako imepita. Hitma tuliisomea nyumbani, hapa Troyeville, watu wa Tanga wakajaa mpaka kwenye ngazi. Meza yako ya kutengenezea miwani pale Marshalltown bado ipo. Muuza soksi, jirani yako, anailinda, na wateja wakija anawaambia fundi kasafiri. Nilimwambia aseme ukweli. Akanijibu, "Eish, dada, sema wewe." Sijasema.

Situlii, Baba. Napika chai naiacha jikoni. Nafungua kitabu, nasoma mstari mmoja mara nne. Natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na nikiwa natembea najipima: sasa natazama wapi, sasa wapi. Ni ugonjwa wa kazi.

Wewe uliielewa kazi yangu kuliko wengi niliosoma nao. Miwani inayoandika maneno mbele ya mvaaji, juu ya dunia yenyewe: mshale wa njia, jina la mtaa. Ili maneno yakae mahali pake, lazima miwani ijue jicho linatazama wapi. Wengine hutumia kamera ndogo zinazolikodolea jicho. Sisi hatuna kamera. Tuna vitaa vya mwanga usioonekana, na vipokezi vinavyopima jinsi mwanga huo unavyorudi kutoka jichoni. Hakuna picha, kuna namba tu. Ulilipenda sana hilo. Ulisema umepigwa picha za vibali nchi hii mpaka sura imechakaa. Ukaichukua fremu yangu ya plastiki, ukaitoboa mikono kwa sindano ya moto ili nyaya zipite ndani, ukaniuliza kama chuo kizima kilikosa sindano.

Kisha ukakubali kuivaa. Maelekezo nilikuwa nimeyarekodi kwa sauti yangu, kwa Kiswahili, kwa ajili yako na wenzako wachache. Angalia juu. Angalia kulia. Angalia kushoto.

"Kushoto kuna nini?" ukasema.

Nilidhani ni utani wako. Kumbe ulikuwa unauliza.

Kila nukta ya kushoto ilikupita, na mimi nikailaumu miwani. Nikabadilisha vipokezi vya kushoto. Nikalehemu waya upya. Nikakuvalisha tena, ikalia tena. Nikasema fremu haikai vizuri kwenye pua yako, ukajibu kwamba pua hiyo ni ya bibi yangu na niiheshimu. Mwishowe nikaandika kwenye rekodi yako: kosa la kifaa, kushoto. Nikaiweka kando.

Miezi mitatu baadaye, ulipoanguka, daktari wa hospitali alinisimamisha kwenye korido akaniambia kiharusi hiki kilichokuangusha si cha kwanza. Kulikuwa na kingine kidogo, cha zamani, kilichopita kimyakimya na kuondoka na upande wa kushoto wa kuona kwako. Aliniuliza kama nyumbani tuliona chochote.

Tuliona. Ulikuwa unaacha wali upande mmoja wa sahani, nikakwambia unajivunga siku hizi. Uliigeuza meza yako ya kazi ili wateja wote waje kuliani kwako, nikakutania kwamba umeanza kuchagua wateja. Robot, taa ya barabarani, ikiwaka kijani ulingoja mimi nivuke kwanza. Niliona yote. Nina shahada mbili za kujua macho ya watu yanatazama wapi.

Daktari alisema huenda kujua mapema kusingebadilisha kitu. Huenda. Neno hilo nalitembeza chumbani siku nzima.

Niliporudi chuoni kazi iliyoningoja ilikuwa kusafisha rekodi. Zenye kosa la kushoto zilikuwa mbili. Moja yako. Niliivaa miwani ile ile mwenyewe, nikafuata nukta zote. Kimya. Nikarudia mara tano. Nilitaka ilie, Baba. Nilitaka sana iwe mbovu.

Rekodi ya pili ni ya Namba 14. Kwenye karatasi zetu mtu hana jina, lakini mimi ndiye niliyemwomba aje, na unamjua: Mama Furaha wa Bukavu, msusi wa Hillbrow, aliyenisuka tangu nikiwa darasa la kwanza. Siku yake ilipolia aliniambia, "Mutoto yangu, hii kitu iko na shida." Nikamjibu ndiyo, Mama, iko na shida. Wiki iliyopita msichana mmoja alitoka saluni kwake akilalamika mlangoni kwamba kapendeza kulia tu, kushoto nywele nyingine zimesahauliwa. Watu walicheka. Mimi nilikumbuka sahani yako ya wali.

Nilimweleza msimamizi wangu. Hakuwa mkali. Alisema kifaa chetu hakijathibitishwa kupima ugonjwa wowote, kwamba tuliwaahidi washiriki hatutawafuata kupitia rekodi zao, kwamba nikimtia mtu hofu bure siwezi kuirudisha. Niiandikie kamati ya maadili ya chuo, nisubiri. Yote aliyosema ni kweli. Niliiandikia kamati. Nikasubiri Jumatatu, nikasubiri Jumanne, jibu halikuja.

Hukuwahi kuniambia kwaheri mlangoni. Ulikuwa unasema, "Angalia, mwanangu," ukimaanisha nijihadhari, na neno hilo hilo mimi nikalifanya amri ya mashine. Sitalitumia hivyo tena. Nakuahidi pia kwamba mtu akiniuliza kuna nini mahali fulani, nitasimama, nimjibu kabla ya kucheka. Na nitamwambia muuza soksi, na wateja wako, mimi mwenyewe. Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Leo asubuhi nilikwenda Hillbrow, nikamkuta Mama Furaha anafungua saluni. Nilisimama kushoto kwake, karibu kabisa, sikusema neno. Hakuniona. Nilipomgusa bega alishtuka, akanigombeza, "Weye unatokeaga wapi?" Nikamweleza yote, na la kwako pia, na kwamba huenda nimekosea. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akafunga mlango, akanishika mkono.

Yuko ndani na daktari sasa. Msimamizi nimeshamtumia ujumbe kabla hajasikia kwa mtu mwingine: Namba 14 nimemwita kwa jina lake.

Mwanao,
Zuhura