Ngozi ya Ndege ya Baba

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza! Vipande sitini na kitu vya plastiki nyeupe. Mfano wa ndege ya abiria, injini nne, ukishaungwa hauzidi rula moja. Ndege yenyewe Baba aliifanyia kazi miaka kumi na moja, fundi bati wa karakana. Haikupakwa rangi tumboni – alumini tupu. Ilishakatwakatwa zamani ikauzwa kama vyuma chakavu.

Jicho lake la kushoto limekwenda. La kulia linamfuata mwenzake. Presha ya macho. Anasema daktari kamhesabia mpaka mwisho wa mwaka. Jana mezani akaniambia, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba anataka kuiona ile ndege tena kabla giza halijaingia. Sikulia. Nilikwenda kununua gundi.

Jumatano, 7 Mei

Mwili umeungwa, mabawa yamekaa. Sasa msasa. Namba elfu moja, elfu mbili, halafu dawa ya kung'arishia niliyoiazima kazini. (Nitairudisha.) Miaka kumi na sita natengeneza meno ya bandia, kung'arisha ndiko kunakonilisha. Nilidhani hapa nitateleza tu.

Wapi! Rangi ya chuma haina siri. Rangi nyingine husitiri, hii husengenya – kila mkwaruzo, kila chembe ya vumbi, inaitangaza. Nimerudia pua mara tatu. Kanuni mpya nyumbani: hakuna kugusa bila glavu, alama ya kidole haifutiki. Baba naye kapigwa marufuku. Akauliza kama anaruhusiwa kupumua. Nikamwambia ndiyo, ila polepole.

Jumamosi, 10 Mei

Jana nyeusi ya kung'aa, safu mbili. Ikakauka usiku kucha. Leo juu yake ile ya fedha, nyembamba, pulizo kwa pulizo. Ikatoka kioo! Nilijiona pua yangu tumboni mwa ndege.

Nikampelekea Baba dirishani, nikaishika mwenyewe kwa glavu. Akaitazama weee.

“Kijivu,” akasema.

Halafu somo. Kasema ndege si jino. Jino ni kipande kimoja, ndege ni mabati mia na kitu, na kila bati lina mlalo wake: hili limelazwa hivi, la jirani vile, mwanga ukipita moja linawaka na jingine linanuna. Nyuma ya injini limeungua, rangi ya chai hafifu. Nyuma ya mlango wa mbele kuna bati jipya – gari la ngazi liligonga, yeye na mwenzake wakalibadilisha – hilo linang'aa kupita yote. Kayasema yote kwa kuyachora hewani kwa kidole.

Yuko sahihi. Nimetengeneza jino la dhahabu lenye mabawa. Kosa la kipumbavu, na ni langu peke yangu, hakuna fundi mwingine ambaye angelifanya.

Jumapili, 11 Mei

Nimeivua rangi yote. Spiriti, mswaki, muda wa saa tatu. Mume wangu anasema ndoa yetu sasa inanuka kiwanda. Anaweza kulala sebuleni na ndege, nimempa ruhusa.

Maji nishayavulia nguo.

Jumatano, 14 Mei

Bati kwa bati. Nimechanganya aina tano za fedha: moja na tone la nyeusi, moja na tone la kahawia, na kadhalika. Funika kwa utepe, pulizia, bandua, ngoja, funika tena. Utepe wa kwanza ulibandua na rangi! Sasa naubandika kwanza mkononi mwangu upunguze ukali, ndipo naupeleka kwenye ndege. Mkono hauna vinyweleo tena.

Lile bati jipya la nyuma ya mlango sikulipaka. Nimekata karatasi ya alumini ya jikoni, nikaibandika, nikaisugua kwa pamba upande mmoja tu ili ipate mlalo. Kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ilinichukua jioni nzima na naona fahari, acha niseme.

Baba: “Afadhali. Lakini kijivu.”

Nilitoka nje nikafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilikasirika. Si kwamba nataka sifa – la, nataka sifa. Nataka aseme ndiyo, basi. Kisha nikarudi nikanawa mikono, nikachukua mswaki na spiriti.

Jumamosi, 17 Mei

Rangi ya tatu imekamilika saa nne asubuhi. Safari hii nimefanya subira. Hakuna vumbi. Tumbo lina madoa ya mafuta nyuma ya magurudumu, hafifu, kama alivyosema.

Baba alikuwa kwa kinyozi. Akaja Mzee Riveti – walimpa jina la ile misumari ya kuungia mabati – mwenzake wa karakana, yule aliyebadilisha naye bati la mlangoni. Ndege iko mezani, jua linaipiga. Mzee akasimama kizingitini, hata hodi hakuimaliza. Akavua kofia. Akainama, akazunguka meza nzima, mikono nyuma, bila kuambiwa asiguse.

“Hata bati letu umeliweka,” akasema.

Akaniambia ana kitu kwake. Akaenda, akarudi baada ya saa nzima na kipande cha bati, ukubwa wa kiganja. Ngozi ya ndege yenyewe! Alikikata kwa msumeno siku ilipouzwa, na mpaka leo anakifuta kwa kitambaa. Niazime, nilinganishe, kisha nimrudishie.

Nimekilaza kando ya tumbo la ndege yangu. Nimevisogeza kivulini, nimevirudisha juani. Hakuna tofauti. Hakuna!

Baba karudi, kanyolewa vizuri. Nikamwonyesha ndege. Kijivu.

Sikukasirika. Nimekaa na swali ambalo sitaki kuliandika.

Jumapili, 18 Mei

Nimeliandika sasa: Baba anaona nini?

Leo saa nne, jua limejaa sebuleni, nimevaa glavu kama kawaida. Nikashika kile kipande cha Mzee Riveti mbele ya jicho lake la kulia. Nilijihisi mwizi. Nikamwambia tu, Baba, na hii je?

“Bado kijivu, mwanangu. Futa, uanze upya.”

Bati lake mwenyewe. Bati alilolisugua miaka kumi na moja.

Nikaenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Wiki mbili nasugua plastiki, kumbe kinachofifia si rangi. Na nakumbuka vizuri, yeye mwenyewe alinisimulia akicheka: daktari kamwambia siku akiona vitu vinafifia aende siku hiyohiyo, asingoje miadi, upasuaji husaidia kukiwa bado kuna kitu cha kuokoa. Akacheka kwa sababu anaogopa kisu. Kliniki huingia peke yake, mimi huachwa kwenye benchi. Sasa najua kwa nini: nisimsikie daktari akimhimiza akapasuliwe.

Amekuwa akiniambia kila siku, kijivu, kijivu, nami nachanganya rangi. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Kesho anakwenda. Nitambeba kama lazima.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Nimepiga simu kliniki: muuguzi kasema daktari yupo mpaka saa sita, nimlete. Teksi nimeita.

Baba kaketi kitini pake, kauliza kama nimeshafuta. Nikasema sijafuta, sifuti tena. Nikavua glavu. Nikamwekea kile kipande mkononi.

Kidole gumba kikapita ukingoni. Kikapata tundu za riveti, moja, mbili, tatu. Akakigeuza. Akakinusa. Uso wote ukafunguka, sijauona hivyo tangu Mama azikwe. Akauliza nimekipata wapi. Kwa Mzee Riveti, nikasema, na yeye akacheka, akamwita mwizi wa mali ya serikali.

Kisha akakiinua dirishani. Akakisogeza karibu. Akakipeleka mbali. Karibu tena. Kicheko kikaisha taratibu.

“Hiki ndicho ulichonionyesha jana?”

“Ndiyo, Baba.”

Ni saa tatu na nusu. Naandika hapa mezani kwa sababu nikisimama nitamvuta mkono, na nikimvuta hatakwenda, namjua. Kipande amekilaza mapajani mwake. Teksi imefika, dereva kapiga honi mara moja. Viatu vyake nimeviweka mbele ya kiti.

Anavitafuta kwa mguu. Amekipata kimoja.