Jina Nililoliruka

Magomeni, Mtwara. Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Joto. Mawingu yamejikusanya upande wa Ruvuma tangu asubuhi na hayataki kunyesha. Shati limenigandia mgongoni, kalamu inateleza mkononi, na mke wangu, mama Saidi, yuko uani anatwanga kisamvu kwa nguvu kuliko kisamvu kinavyohitaji. Tangu arudi kutoka kwa mama yake ameniambia maneno machache tu, na hata hayo hayakuwa yake.

Leo nimefanya kosa. Nimelifanya asubuhi, mbele ya umati wa wanawake, na walioliona ni mimi na mtu mmoja tu.

Nianze mwanzo, maana kichwa hakijatulia.

Shamba la mkonge lilipofungwa nilikaa miezi minane bila kazi. Kule nilikuwa karani, mtu wa meza na kivuli. Baada ya hapo nikawa mtu wa kwenda bandarini kila asubuhi kuomba kibarua cha kubeba magunia, na wanyapara wakiyatazama mabega yangu wanacheka. Wenzangu wa mkonge wametawanyika. Wengine wamerudi vijijini kupalilia mikorosho, wengine wamepanda meli kwenda Dar es Salaam na hawajaandika barua. Sasa wimbo wa kila mtu hapa ni korosho. Zamani tulizipakia na maganda yake zikabanguliwe India. Sasa serikali imetujengea kiwanda ili zibanguliwe hapahapa, na wanawake wa Mtwara wapate mshahara. Nilipoitwa kuwa karani wa ajira nilishukuru mpaka nikaona haya.

Meneja wetu ni mtu wa kaskazini, mnyoofu, hana maneno mengi. Siku ya kwanza aliniita ofisini akasema, "Karani, hapa sitaki mambo ya kujuana. Ukimpitisha mtu wa nyumbani kwako kwa mlango wa nyuma, mtatoka wote wawili kwa mlango wa mbele." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Na kwa kweli nilimpenda kwa maneno yale, kwa sababu mimi mwenyewe niliteseka bandarini kwa kukosa mjomba.

Nyumbani nikajisifu. Nilimwambia mama Saidi kwamba nimepewa kiti na kabati lenye kufuli. Sikumwambia kwamba wiki hii ya kuchagua wamenyaji nitasimama uwanjani juani, nikiita wanawake mmoja mmoja na kukagua viganja vyao kama mnunuzi wa mihogo. Aliponiuliza ni nani anayechagua, nilisema meneja. Kiburi kidogo tu, nikadhani hakitamdhuru mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Majina huletwa na mabalozi wa nyumba kumi, yanapigwa taipu, mimi nayasoma. Anayeitwa anakuja mezani na kunyoosha mikono. Mwenye kidonda hafai, maana mafuta ya ganda la korosho yakiingia kwenye kidonda yanakula nyama. Aliye mzima anapewa bakuli la korosho zilizokwisha banguliwa, amenye ile ngozi nyembamba ya ndani bila kuzivunja. Zikibaki nzima, amepita. Zikiwa vipande, anaambiwa asante. Asiyeitikia, jina lake linakatwa.

Kama saa nne hivi niligeuza karatasi ya tatu. Kabla sijasoma, nikasikia kikohozi.

Nakijua kikohozi kile. Ni cha mama mkwe wangu. Kwa miaka sita ya ndoa hicho ndicho ninachokijua kwake, pamoja na visigino vyake anapokata njia kuingia kwenye mihogo ili tusikutane. Akija nyumbani kwetu hukohoa nje ya ua, nami nikatoka kwa mlango wa pili. Sijawahi kumtazama usoni. Sijawahi kumpa mkono. Jina lake nililisikia mara moja tu, wazee walipopeleka posa, na tangu siku hiyo halijapita mdomoni mwangu. Kwetu sisi Wamakonde mkwe hatajwi. Watu wa kaskazini wanatucheka kwa hilo, nasi tunawacheka wao wanaokula sahani moja na wakwe zao.

Nilitupa jicho pembeni, upande tu. Alikuwa wa nne au wa tano kwenye mstari. Alikwisha kuniona. Alikuwa amegeuka, uso umefunikwa kanga, anautazama ukuta wa kiwanda.

Nikarudi kwenye karatasi, na jina lake lilikuwa pale, katikati, chini ya kidole changu.

Nilitakiwa niliite kwa sauti, wanawake wote wasikie. Kisha aje mezani, anyooshe mikono yake, niishike niigeuze. Mikono ya mama wa mke wangu. Mwanamke aliye mbele akasema, "Baba, soma basi, jua hili."

Nikaliruka. Nikasoma la chini yake.

Na kalamu yangu ikapiga mstari juu ya lile nililoliruka, kama alivyokatwa kila asiyekuwepo.

Alibaki amesimama. Angeweza kusema, "Na mimi je?" Wenzake wangemsaidia kupiga kelele. Lakini ili aseme hivyo ingebidi aniambie mimi, na hilo naye hawezi. Saa sita ilipofika, mstari ukaisha. Niliponyanyua kichwa sikumwona.

Naandika tena ili nisijidanganye: kile nilichokiita heshima kimempokonya kazi.

Na kazi hii si ya kununulia kanga. Alikimbia kijiji chake kule mtoni Ruvuma mwaka juzi, baada ya kombora la Wareno kutoka ng'ambo, Msumbiji, kuanguka kwenye shamba la jirani. Akaja Magomeni na binti yake mdogo, Zuhura, anayesoma hapa darasa la sita. Wamekuwa wakiishi kwa korosho za kukaanga juu ya kipande cha debe, moshi mpaka machozi, anagonga kwa jiwe na kuwauzia walimu na watu wa bandari kule Shangani. Sasa korosho zote ghafi zinakusanywa na ushirika kwa ajili ya kiwanda. Kisichokwenda kiwandani ni kile tu alichokiokota chini ya miti ya watu. Kiwanda kimechukua kazi yake, na leo mimi nimefunga mlango wa kiwanda. Asipopata nafasi hii, mwezi ujao anarudi mtoni na Zuhura. Aliapa hivyo mbele ya mama Saidi. Hataki kula jasho la mkwe.

Niliporudi nilimweleza mke wangu yote. Alichukua kanga akaenda kwa mama yake. Nikakaa hapa nikiyatazama mawingu, na nikiri, niliomba mama yule awe amekasirika. Mtu aliyekasirika unaweza kumwomba radhi.

Mama Saidi alirudi na kifurushi cha kitambaa akakiweka mapajani mwangu.

"Mama kasema baba Saidi Mungu amzidishie. Kasema umemsitiri mbele za watu. Kasema hakujua ni wewe unayeita, angelijua asingelikuja kukuaibisha kazini kwako. Mwenyewe kaona haya."

Kisha akaenda kutwanga.

Nimekifungua. Ni korosho, za akiba yake, amezimenya mchana huu huu baada ya kutoka kiwandani. Nimezigeuza moja moja kama ninavyofanya mezani, nikitafuta kipande. Hakuna kipande. Hakuna hata yenye mkwaruzo. Tangu juzi nimekagua wanawake wengi, wakiwemo vijana wenye macho makali, na sijaona bakuli kama hili. Hakuleta ili nimpitishe, ameleta zawadi ya shukrani.

Ndiyo maana nina hofu kuliko asubuhi. Ninachoshukuriwa ndicho kilichomkosesha. Nikitaka kukirekebisha, lazima nikivunje.

Kesho Jumamosi saa mbili orodha inaingia kwa meneja, na ikishasainiwa haifunguliwi. Nimetafuta njia ya kupenya bila kusema. Nimsingizie mpiga taipu? Nimwandike mahali pa mwingine aliyepita? Hapo ndipo ningekuwa mwizi kweli, na mama wa mtu mwingine ndiye angelala njaa. Kumtuma mama Saidi? Mlinzi hamruhusu kuvuka geti.

Imebaki moja. Niingie ofisini na kitambaa hiki, nikifungue juu ya meza ya meneja, niseme: huyu nilimkata, alikuwepo, ni mama wa mke wangu, na nilishindwa kumwita kwa sababu ya mila zetu. Simwombi nafasi. Namwomba aitwe kama wengine walivyoitwa, muuguzi wa kiwanda akague mikono, mimi nikae nje. Huenda atasema ndiyo. Huenda atauona ule mlango wa nyuma aliouzungumzia, na sote wawili tukatoka kwa ule wa mbele. Saidi ana miaka minne. Miezi minane ile naikumbuka vizuri.

Naye mama akisikia nimemtaja mbele ya mwanamume mgeni, atanibariki tena? Nadhani hapana. Nadhani itapita miaka kabla ya kukohoa nje ya ua wangu. Nimelipima hilo jioni yote, na linauma, lakini naona afadhali aninunie akiwa Magomeni kuliko anishukuru akiwa mtoni.

Nimewaza hivyo na bado sina hakika kama mdomo utafunguka. Nimejaribu hapa chumbani, kwa sauti ndogo. Ulimi ulifika kwenye herufi ya kwanza ya jina lake ukasimama. Kinu uani nacho kikasimama. Nadhani mama Saidi alikuwa anasikiliza.

Basi naanza na mkono kuliandika, mdomo utafuata asubuhi. Mungu anisamehe, na yeye mwenyewe anisamehe.

Somoe binti Nalinga.