Kikapu cha Kwanza Kiko Kabatini

Mpendwa mshauri,

Jumanne hii mwalimu wetu wa ususi, Bi Kararaina, ametutangazia darasani kwamba Jumamosi tarehe 27 Septemba kila mwanafunzi atasimama mbele ya watu katika ukumbi wa marae yetu, uwanja wa mikutano wa ukoo wetu wa Kimaori, aseme kikapu chake cha kwanza alimpa nani, na aliyepewa atasimama naye akiwa amekishika, ndipo maonyesho ya majira ya machipuko yafunguliwe, na wenzangu wakapiga makofi na mimi nikatazama viatu vyangu, kwa sababu kikapu changu cha kwanza sikumpa mtu, kiko kabatini nyuma ya makoti, na naomba msaada wako kabla ya siku hiyo.

Mimi nina miaka hamsini na tisa, nilifanya kazi kiwanda cha nyama miaka thelathini na mmoja nikiwa na kisu mkononi mpaka kilipofungwa, na mume wangu Rāpata alifariki mwaka juzi, hivyo mwezi wa sita nikajiunga na darasa ili niwe na mahali pa kwenda, na siku ya kwanza Bi Kararaina akatupa masharti: harakeke, mmea wa majani marefu tunayosukia, haikatwi mvua ikinyesha, chipukizi la katikati na majani mawili yanayolikumbatia hayaguswi kwa kuwa ni mtoto na wazazi wake, unakata yale makuukuu ya nje tu, na kazi yako ya kwanza lazima itoke mikononi mwako umpe mtu mwingine hata kama unaipenda, la sivyo ufundi utakwama hapo hapo. Niliitikia kama wengine.

Basi nikaenda kukata kwenye kichaka kilicho nyuma ya jiko langu, alichopanda Rāpata mwaka tulipohamia, nikasali kwanza, nikachana majani, nikasuka siku nne, na kikatoka kimepinda, kishikio kimoja kirefu kuliko mwenzake, chini kuna tundu la kupitisha ngumi, nikakitazama na sikuweza kukiachia, kwa sababu nyama zote nilizokata miaka ile zilinipita zikining'inia kwenye kulabu na hakuna kilichobaki kwangu, kwa hiyo nikasuka kingine kwa majani ya shamba la marae, hicho kikanyooka maana mikono ilishajua, nikakipeleka darasani kuwa ndicho cha kwanza. Bi Kararaina alikigeuzageuza akasema, "Dada, mkono huu ulikuwa umeuficha wapi siku zote?" nami nikanyamaza, na uongo wangu wote ni kule kunyamaza.

Kikapu hicho nikampa mama mkwe wangu, Mama Hūhana, mwenye miaka themanini na minne, ambaye mwezi wa sita aliposikia habari za darasa aliniambia, "Mikono ya kisu hiyo, mwanangu. Itasuka nini, mbavu?" Lakini nilipompa alikigeuza juu chini, akatafuta kasoro, hakuiona, akasema cha kwake cha kwanza kilikuwa kama kiota kilichohamwa, na tangu siku hiyo anakwenda nacho kanisani, anakwenda nacho zahanati, na msimu wa dagaa weupe ulipofunguliwa anakwenda nacho mtoni na chupa ya chai ndani yake, na wenye nyavu wa kulia na kushoto kwake anawaambia, "Cha kwanza hiki. Kitazameni vizuri, halafu mniambie mkaza mwana wenu kasuka nini."

Tangu hapo nimeanza kikapu cha tatu mara tano na mara tano nimekifumua. Binti yangu aliye Brisbane ananiambia ninyamaze, kikapu ni kikapu. Lakini siwezi kusimama mbele ya picha za marehemu wetu kwenye ukuta wa ukumbi, ya Rāpata ikiwamo, nikasema uongo, na nikisema kweli pale namwaibisha mzee mbele ya ukoo mzima. Nifanye nini?

Mwenye kabati, Wairoa

*

Mwenye kabati,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Kabla ya kukujibu nilimpigia simu msusi mmoja wa Gisborne aliyefundisha kazi hiyo miaka arobaini. Sikutaja mji wala jina. Nilimuuliza ameona wangapi walioficha kazi ya kwanza. Alisema wengi, na kwamba anayemjua zaidi ni yeye mwenyewe, aliyeificha ya kwake miezi miwili chini ya kitanda mpaka shangazi yake alipofagia. Nilimuuliza kama kuna laana. Alisema hajui habari za laana, ila kila aliyeficha alikuwa akisuka huku akisikiliza mlango.

Kwa hiyo wewe si wa kwanza. Umepoteza kazi, umepoteza mume, na kitu cha kwanza ulichokitengeneza mwenyewe ukaambiwa ukitoe. Pole sana. Pole hiyo ni ya kweli, na sasa tuje kwenye kosa lako, maana hujalitaja.

Unadhani umemdanganya mwalimu. Umemdanganya kidogo, atapona. Nimepigia mstari sehemu mbili za barua yako. Moja inasema kichaka kilipandwa na Rāpata. Nyingine inasema kikapu ulimpa Mama Hūhana. Hakuna sentensi hata moja iliyoziweka pamoja. Dada yangu, yule mzee ni mama yake Rāpata. Majani aliyoyapanda mwanawe umeyafungia nyuma ya makoti, na yeye ukampelekea majani ya shamba la watu wote. Anatembea kanisani na mtoni akijivunia kikapu ambacho mwanawe hakukigusa. Ulimlilia mume, sawa. Wafiwa mko wawili.

Binti yako usimsikilize katika hili. Anampenda mama yake, lakini yuko Brisbane na hatasimama ukumbini.

Wala usiungame ukumbini. Mbele ya watu halipelekwi jambo ambalo nyumbani halijamalizwa. Usikichome kile kilichopinda, usikifumue ukisuke upya kinyooke, na usianze na Bi Kararaina. Yeye utamwambia baadaye, kwa maneno machache, na nakuhakikishia ameona vikapu vya kutosha kujua kwamba tundu la ngumi huwa linatangulia.

Kichukue kikapu, usikifunike kwa kitambaa, uende nacho kwa mama mkwe wako mchana kweupe. Kiweke mezani kabla hajatia chai. Sema: "Mama, hiki ndicho cha kwanza. Nimekisuka kwa majani ya kichaka cha Rāpata. Nilikificha." Kisha funga mdomo. Usieleze habari za kiwanda wala za kulabu, hayo umeniambia mimi, yanatosha. Kwa jinsi ulivyomweleza, huenda akahesabu kasoro kwa sauti. Mwache ahesabu. Akikasirika, kunywa chai yako polepole na usijitetee. Akinyamaza, nyamaza naye, na safari hii kunyamaza hakutakuwa uongo.

Kile kilichonyooka usikiombe urudishiwe. Umeshakitoa, na chupa ya chai inakaa vizuri humo. Siku ya maonyesho atashika kipi, au vyote viwili, ni uamuzi wake. Ukiulizwa ulimpa nani, utasema jina lake, na litakuwa kweli.

Halafu toka nyuma ya jiko lako ukitazame kichaka. Ninaona unaogopa kwamba ukikitoa kile kikapu hakuna kitakachobaki cha mkono wa Rāpata. Wiki chache zijazo mashina ya maua yatasimama na kukata kutakoma hadi mwakani, na ukiyaacha makuukuu ya nje, yataoza yakiwa yamelibana chipukizi. Yakate sasa. Hayo ndiyo kikapu chako cha tatu. Mmea uleule, aliyeupanda yuleyule, majani mengine. Simaanishi methali, hiki ni kilimo.

Nimetazama jedwali la maji kujaa na kupwa, maana dagaa weupe hupanda mto maji yakijaa. Alhamisi tarehe 18 Septemba kuanzia saa tatu asubuhi maji yatakuwa yanapwa mpaka saa tisa alasiri, kwa hiyo saa hizo Mama Hūhana hatakuwa mtoni. Fika kwake saa nne asubuhi.